Maswali ya Wasomaji: Je, Tunaweza Kuishi kwa Mfuko Mmoja?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni vijana tisa wa Mafinga, kila mmoja akilima viazi na kupanda misindano kivyake. Tumechoshwa na madalali pamoja na mikopo, nasi tunafikiria kuunganisha mashamba na kula chungu kimoja. Nimesikia kwamba vijana wa Marekani walijaribu maisha ya namna hiyo miaka ya 1960. Je, wapo waliofanikiwa?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Ndugu yetu, wengi wao walitawanyika, tena upesi, lakini si wote. Jumuiya ya Twin Oaks, iliyoanzishwa mwaka 1967 katika jimbo la Virginia, ipo hadi leo, na kwa miaka mingi imekuwa na watu wapatao mia moja; mapato ya biashara zao huingia katika mfuko mmoja unaogharimia chakula, makazi na matibabu ya kila mwanajumuiya. Kwa maoni yangu, kilichowashikilia ni karatasi ya kazi kuliko mapenzi yao: kila mtu huandika saa zake za wiki, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa kama 42, na saa ya kuosha vyombo au kulea watoto huhesabiwa sawa na saa ya kazi inayoleta fedha. Vikundi vyetu vingi huvunjikia hapo, kwa kuwa anayepika huonekana ameshinda nyumbani tu.

Wala msidhani kwamba wamelikimbia soko. Kwa miaka mingi waliishi kwa kusuka machela za kupumzikia na kutengeneza tofu, yaani chakula kama jibini kinachotokana na soya, bidhaa walizowauzia watu wa nje. Walichobadilisha ni namna ya kugawana kinachopatikana. Wenzao wa The Farm, Tennessee, walioanza mwaka 1971 na kufikia zaidi ya watu elfu moja, walizidiwa na madeni, hata mwaka 1983 wakaamua kila mtu mzima ajitafutie kipato na kutoa mchango, ingawa ardhi ilibaki ya wote.

Mfano wa karibu zaidi ni Litowa, Songea, ambako katika miaka ya 1960 wanakijiji walilima pamoja na kuamua mambo yao mikutanoni. Jumuiya yao ya maendeleo ya Ruvuma ilipigwa marufuku na TANU mwezi Septemba 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, ambalo wao walikuwa wakilitekeleza kabla halijatangazwa.

Kwenu ninyi, ningeshauri msianze na ardhi. Anzeni na mfuko wa mbegu na mbolea kwa msimu mmoja wa viazi, mkitumia daftari linaloandika saa za shambani na za jikoni pia. Misindano iacheni nyuma, maana hukaa miaka mingi kabla ya kuvunwa. Mkifika huko, andikeni mbele ya mwanasheria atakayeondoka mwaka wa sita atalipwa nini, nani atapima thamani ya miti, na kama mjane wa mwanachama atarithi nafasi ya mumewe au atapewa fedha tu.