Mwandikie Mungu malalamiko kwanza, shukrani zitafuata

Ukipitia magumu ushauri utakaoupata kila kona ni kushukuru. Chukua daftari, kila siku andika vitu vitatu vya kumshukuru Mungu, utaona moyo unakuwa mwepesi. Mi sipingi shukrani kabisa, ila kwa mtu ambaye kidonda bado kibichi huo ushauri unakuja kabla ya wakati wake, na wengine unawaumiza zaidi maana unajikuta unamwandikia Mungu vitu ambavyo huvihisi hata kidogo, wakati yeye anaona moyo wako ulivyo.

Nasema hivi kwa sababu nimepitia. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa amefariki, mimba imefika miezi tisa, nguo zipo, jina lipo. Na kwetu mtoto wa hivyo hana matanga wala arobaini, wanaume wanaenda kuzika haraka haraka, mama hata kaburini hafiki. Watu wanakuja wanakupa pole, jikaze mama, we bado mdogo utapata mwingine, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Wanakupenda, siwalaumu. Ila siku ya tatu maziwa yakaja. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba maziwa yanakuja hata kama mtoto hayupo, kifua kimejaa kinauma mpaka homa inapanda, khanga imelowa mbele yote na nimekaa kitandani sina wa kumnyonyesha. Usiku ule nikachukua kauntabuku ambayo mume wangu alikuwa anaandikia hesabu za duka, nikaigeuza nyuma nikaandika, Mungu haya maziwa ni ya nani? Nikaendelea mpaka mkono ukauma, na sikuweka amina mwishoni.

Hapo ndipo ilianzia, na nilipokuja kurudi kwenye Biblia nikakuta kumbe watu wa Mungu walikuwa wanafanya hivyo toka zamani. Zaburi ziko 150 na za kulia na kulalamika ni nyingi mno. Zaburi ya 88 yaani inaanza na kilio na inaishia gizani, hakuna mstari wa mwisho wa kukupoza, na bado imo kwenye Biblia na hakuna aliyeitoa. Ayubu kwenye sura ya 19 anatamani maneno yake yaandikwe kitabuni, na maneno yenyewe ni ya mtu anayelalamikia Mungu kwamba amemdhulumu. Yule Hana mama yake Samweli alipomimina roho yake hekaluni mpaka kuhani akadhani amelewa, alikuwa analilia mtoto. Alafu kuna Maombolezo, hiki kitabu nakipenda sana saivi. Kina sura tano, na nne za kwanza kwa Kiebrania zimepangwa kwa herufi za alfabeti yao zote 22, herufi moja baada ya nyingine. Sasa fikiria mji wa Yerusalemu umeteketea, watoto wanakufa njaa barabarani, na huyu mtu anakaa chini anapanga kilio chake kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Mimi naona alikuwa anatafuta pa kushika. Yale maneno ya rehema ambazo ni mpya kila asubuhi, tunayoyaimba sana kanisani, yako katikati ya sura ya tatu, kabla yake kuna kilio kirefu na baada yake kilio kinaendelea tena.

Jirani yangu mmoja Muislamu nilipomsimulia akaniambia hata kwao Nabii Yakub alipompoteza Yusuf alisema anamshtakia Mwenyezi Mungu huzuni yake, na ndio subira ile ile anayosifiwa nayo. Huyo jirani naye anaandika, baada ya alfajiri nyumba ikiwa bado imelala. Nilifarijika sana kusikia hivyo.

Sasa jinsi ya kuandika. Daftari lolote linafaa, ila liwe lako peke yako, usichanganye na ya vikoba wala ya mahubiri ya Jumapili. Weka tarehe. Andika kwa lugha unayoliliaga, kama ni Kichaga, Kihaya, Kiswahili cha mtaani, andika hivyo hivyo, huhitaji ile lugha ya maombi ya mbele za watu. Mwite Mungu moja kwa moja, we Mungu, Baba, vyovyote unavyomuitaga, kwa sababu ukianza kuandika kuhusu maumivu yako bila kumwambia mtu unazunguka tu kichwani mwako, lakini ukimwambia Mungu unajikuta unauliza, unadai, unanyamaza, ndo sala yenyewe hiyo. Na taja vitu vyenyewe. Usiandike nina huzuni ukaishia hapo, andika kwamba leo nimepita dukani nimeona soksi ndogo za njano nikashindwa kuendelea na manunuzi. Kama ni mtoto mliyempoteza, liandike jina lake, na uzito kama walikuambia, na alifanana na nani kama ulimuona. Mimi ule ukurasa wenye jina ndio ulionisaidia kuliko maombezi yote niliyofanyiwa, maana hakuna sehemu nyingine yoyote alipoandikwa kwamba aliwahi kuwepo.

Usijipangie muda mrefu. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, ambaye mwaka 1986 yeye na mwenzake walitoa utafiti wa wanafunzi walioandika dakika 15 kila siku kwa siku nne mfululizo juu ya jambo lililowaumiza zaidi maishani, na wale walioandika tukio pamoja na walivyojisikia walikuja kwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi miezi iliyofuata. Ila na hili ulijue, pale pale baada ya kuandika walijisikia vibaya kuliko mwanzo. Kwa hiyo ukimaliza ukalia usidhani umekosea, nawa uso, ukae na mtu au ufanye kazi ya mikono. Na ukiona kuna jambo kila ukiligusa unatetemeka au unakosa pumzi, liache kwanza. Kama wiki zinapita hulali, huli, au umeanza kuandika kwamba unataka kufa, hapo daftari peke yake halitoshi jamani, mwambie mtu leo hii na uende hospitali uwaambie ukweli. Sonona ni ugonjwa na unatibika, kwenda kutibiwa sio kukosa imani.

Suala la siri. Majumba yetu yana watu wengi, mawifi, watoto, dada wa kazi, na ukijua kuna atakayesoma utaanza kuandika ya kumfurahisha huyo. Fungia sandukuni au mwambie mwenza wako wazi kwamba hili halisomwi. Likichanwa au likichomwa, andika jingine, Yeremia kile kitabu chake mfalme alikikata kwa kisu akakitupa motoni kipande kwa kipande, na Yeremia akaagiza kiandikwe upya na maneno mengine yakaongezwa.

Shukrani kwangu zilikuja zenyewe, na zilianza na vitu vidogo mno, kwamba mama mkwe alinichemshia maji ya kukanda kifua bila kuulizwa, kwamba leo nimecheka. Sikuzitafuta. Ukiona haziji mwaka mzima bado uko sawa na Mungu.

Kama hujui uanzie wapi, fungua Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu. Kwenye miwili ya kwanza anamuuliza Mungu hata lini, mara nne. Soma hiyo miwili kwa sauti alafu andika za kwako, hata lini hiki, hata lini kile, mpaka ziishe. Usiku wa kwanza ishia hapo, ule mstari wa sita anaoimba uache kwanza.