Hasira ya babariani inazima mapema

SWALI: Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, toleo la tano la 2014, hapa Moshi. Nimetunga kabila la mababariani (wapiganaji wakali) wa mlimani, lakini wanakufa kabla mchezo haujanoga. Nakosea wapi?

JIBU: Kwanza angalia hasira, uwezo maalumu wa babariani vitani. Hudumu dakika 1, yaani raundi 10, lakini babariani akimaliza zamu bila kumshambulia adui wala kuumizwa tangu zamu iliyotangulia, inazima. Ndiyo maana wapinzani wenye upinde wanaorudi nyuma huwamaliza: babariani anakimbia zamu nzima, mishale ikimkosa hasira imekwenda, na ngazi ya 1 ana mara 2 tu hadi apumzike muda mrefu. Mpe kila mmoja mikuki minne ya kurusha. Hata akikosa shabaha, amekwisha kushambulia. Nyongeza ya +2 ya madhara inayoletwa na hasira haihesabiki kwa silaha iliyorushwa, hilo wengi husahau.

Pili, wavue deraya nzito, maana inafuta faida zote za hasira, ikiwemo ile ya kupunguza nusu ya madhara ya kukatwa, kudungwa na kupondwa. Bila deraya ulinzi ni 10 jumlisha nyongeza za wepesi na ustahimilivu: +2 na +3 inatoa 15. Inatosha.

Kuhusu kabila lenyewe, shuka la Kimasai lililopewa jina jipya si ubunifu. Amua wanakula nini kiangazi, nani anaruhusu vita, na mwiko upi mgeni atauvunja bila kujua. Mwiko ndio utakaokupa kisa.