Seva ya faili inakokota miguu: maswali yenu kuhusu kadi za mtandao

Tuna studio ya video Kondele, Kisumu. Wahariri wanne tunatumia seva moja. Muuzaji anatusukumia kadi ya mtandao inayoipokea prosesa kazi. Tununue?

Msitoe pesa bado. Subirini saa ya kazi nyingi, mfungue Resource Monitor kwenye seva na kutazama prosesa, diski na mtandao kwa pamoja. Lango la gigabiti 1 haliwezi kuzidi megabaiti 125 kwa sekunde, na kwa kweli mnapata kama 110. Mkigawana wanne, kila mmoja anaambulia chini ya 30. Kama lango limejaa pomoni na prosesa imetulia, kuipokea mzigo hakutabadilisha chochote: tafuteni kadi ya gigabiti 10 na swichi yenye lango la kasi hiyo. Lakini kama diski ndiyo iko asilimia 100, SSD (diski isiyozunguka) kwanza. Diski ya kuzunguka husoma vizuri faili moja ndefu. Watu wanne wakiivuta kila mmoja upande wake, inachoka.

Kwani kadi huchukua kazi gani hasa? Niko Nakuru, natunza seva ya Linux.

Data husafiri kwa pakiti za baiti 1500 hivi. Kwenye gigabiti 10 hizo ni zaidi ya pakiti 800,000 kila sekunde, na kila moja inahitaji kukatwa, kuandikiwa kichwa na kukokotolewa namba ya kuhakiki kwamba haikuharibika njiani. Kadi ikisaidia, prosesa huikabidhi bonge la hadi kilobaiti 64, nayo hulikata vipande 45 hivi yenyewe. Huo ni msaada mkubwa, na habari njema ni kwamba karibu kila kadi ya leo inao. Andika `ethtool -k eth0` uone kama `tcp-segmentation-offload`, yaani huo ukataji wa vipande, iko `on`. Ukiikuta imezimwa bila sababu inayojulikana, iwashe kwa `ethtool -K eth0 tso on` kisha upime tena.

Usihangaike na kadi za mtumba zinazodai kubeba kazi yote ya TCP, yaani kanuni za kuhakikisha data inafika yote na kwa mpangilio. Wasimamizi wa Linux waliikataa njia hiyo, na Microsoft nao wameiacha.

Na RDMA? Mimi ni fundi wa Sacco, Kakamega.

RDMA ni hatua nyingine kabisa: kadi husoma na kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya mashine ya pili, prosesa isiguse data. Windows Server inaitumia kushiriki faili tangu toleo la 2012. Ila lazima pande zote mbili ziwe na kadi hizo, na za aina moja. RoCE na iWARP, ambazo ni aina mbili za RDMA, haziongei. Kwa seva mbili zinazobeba mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva), ningeinunua bila kusita. Kwa makarani wanaofungua Excel, hapana.

Maabara ya shule yetu, Bungoma, ina swichi ya gigabiti lakini kompyuta moja hainakili zaidi ya megabaiti 11 kwa sekunde. Kadi ni mbovu?

Mwalimu, kasi hiyo ni ya lango la megabiti 100. Gigabiti hutumia jozi zote nne za nyaya. Jozi moja ikikatika, kadi na swichi mara nyingi hushuka hadi 100. Kateni kichwa cha kebo, mbane kipya (crimp) pande zote mbili, kisha mtazame kasi ya kiungo. Ikisoma 1000, kadi ni nzima.