Ijumaa usisaini kitu: mimi nilisaini, na Peugeot 504 ya mzee ikaondoka

Dada, weka kalamu chini kwanza. Pole nitakupa baadaye.

Nimesoma ulichoandika mara mbili. Datsun Violet 160J ya marehemu baba yako imegongwa na lori pale Lugazi, bima wamesema halitengenezeki, wamekupa shilingi milioni 7 za Uganda, na Ijumaa unakwenda ofisini kwao kusaini. Unauliza hela huchukua muda gani kuingia, nani alipe gari la kuvuta, na kama stika ya bima ya lazima ya lile lori itakufidia. Hapo juu watu watatu wameshakujibu "chukua hizo hela, gari kuukuu hilo." Hawa ndio wale wale walionishauri mimi 2019, wamebadilisha majina tu.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, mpakani na Kenya. Nakula kwa kusoma karatasi za watu. Namba ya chesisi ikikosewa herufi moja, lori zima nalirudisha nyuma na dereva ananitukana kwa lugha nne. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyesaini karatasi ya bima bila kufungua ukurasa wa pili. Mganga hajigangi. Cheka, umalize, tuendelee.

Gari lilikuwa Peugeot 504 ya 1979, kati ya zile zilizounganishwa Mombasa. Baba, mzee wangu, aliinunua mkononi mwa mtu 1986, wakati vita vimeisha na watu wanauza chochote ili waanze upya. Safari Rally ya 1975, yale mashindano ya magari ya Kenya, ilichukuliwa na 504, na mzee alikuwa anaisimulia kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa anasoma ramani kiti cha pembeni. Alipofariki ikawa yangu. Nikaitengeneza polepole, mwaka huu viti, mwaka ujao rejeta, mwaka mwingine rangi, hadi ikawa watu wananisimamisha Mbale kuniuliza bei. Wewe una Violet, kwa hiyo sina haja ya kukufundisha. Shekhar Mehta, mzaliwa wa hapa hapa Uganda, alichukua Safari mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 akiwa na gari la ukoo huo. Mkaguzi wa bima hana kisanduku kwenye fomu yake cha kujaza habari hiyo. Ana jedwali: mwaka wa gari, ondoa uchakavu, ondoa tena, imekwisha.

Ajali yenyewe haina hadithi. Magamaga, magharibi imeingia, tela la miwa limeharibika katikati ya barabara, halina taa, halina hata tawi la kuonya. Nikaingia chini yake upande wa kulia. Mimi nilipoteza jino moja, la nyuma, na mke wangu anasema halikuwa na kazi.

Sasa njoo kwenye bima. Nilikuwa na bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, na niliilipia miaka mitatu mfululizo. Yule kijana aliyeniuzia aliniambia kwa mdomo wake, tukiwa tumekaa na chai: "Mzee, andika milioni 24. Gari likifa, unapewa milioni 24." Nikaandika milioni 24, na kila mwaka nikalipa asilimia 4 ya hiyo milioni 24, yaani 960,000 kabla ya kodi. Mkataba ulikuja ndani ya bahasha nzuri, nikaiweka kwenye kabati pamoja na vyeti vya watoto.

Mle ndani, herufi ndogo kama za dawa ya kikohozi, imeandikwa kwamba kampuni italipa thamani ya gari sokoni siku ya ajali, au kiasi kilichokatiwa bima, chochote kilicho kidogo. Soma tena maneno matatu ya mwisho. Ile milioni 24 ilikuwa dari. Sakafu hakuna. Ada wanakutoza kwa dari, hasara wanakulipa kwa jedwali. Kwa gari kama lako na langu hiyo ni hasara kabla hujawasha injini. Dawa yake ni kuandikiana bei mliyokubaliana tangu mwanzo, na picha na ripoti ya mthamini zikiwa zimebanwa kwenye mkataba. Lakini hilo ni la kufanya kabla ya ajali, na wewe umeshagongwa, kwa hiyo siendelei nalo. Nimelitaja ili roho yangu itulie.

Kampuni walinipigia simu wiki tano baada ya ajali. Garaji yao imekadiria matengenezo milioni 15, na mkaguzi amesema sokoni gari lina thamani ya milioni 7.2. Kwa hiyo limehesabiwa limekufa. Toa asilimia 10 ambayo mkataba unasema nabeba mwenyewe, inabaki milioni 6.48. Nikaambiwa nisihangaike kwenda Kampala, kijana atakuja na karatasi.

Akaja mpakani saa sita mchana, jua la kuchoma, foleni ya malori imefika hadi kituo cha mafuta. Mimi nina mteja ananipigia, nina tangi la mafuta ya kula limekwama, na simu ya pili inalia mfukoni. Kijana akatandika karatasi juu ya boneti ya Toyota Premio ya rafiki yangu. Boneti ilikuwa na moto, ikabidi aweke gazeti chini. Nakumbuka gazeti, nakumbuka kalamu ilikuwa ya bluu na kifuniko kimetafunwa. Karatasi ilikuwa kurasa mbili, akaikunja ya kwanza kwa nyuma vizuri kabisa ili nione mstari wa sahihi tu. "Hii ni ya kuthibitisha umekubali kiasi, mzee. Ni utaratibu tu." Nikasaini. Akanipa karatasi nyingine, ya kuhamisha logibuku, yaani kitabu cha umiliki wa gari. Nikasaini. Akaniomba funguo. Nikampa. Mimi mwenyewe! Niliuchomoa ufunguo wa mzee kwenye mkufu wa funguo zangu, na kucha ikavunjika kwa sababu ulikuwa umekaa pale miaka.

Dakika nne, labda tano. Mteja wangu alikuwa bado yuko kwenye simu.

Ukurasa ule uliokunjwa nilikuja kuusoma baada ya siku tatu, nimekaa nyumbani Tororo, jino linauma. Ulisema mambo mawili. La kwanza, kwamba malipo haya ni kamili na ya mwisho na sitadai tena chochote kuhusu ajali hii. La pili, kwamba mabaki ya gari ni mali ya kampuni. Mabaki! 504 ya baba yangu inaitwa mabaki.

Na siku hiyo hiyo, kwa vile Mungu ana utani wake, fundi wangu akarudi kutoka yadi ya bima nilikokuwa nimemtuma mapema aende kuliangalia gari. Huyu mzee amezifungua 504 tangu enzi za utawala wa pili wa Obote. Akaniambia: "Nimefungua milango yote minne na kuifunga. Inafunga tup, tup, tup, tup." Kama hujui maana yake: 504 saluni haina chesisi ya kujitegemea, bodi ndiyo chesisi. Ikipinda, milango ndiyo hukwambia wa kwanza, inakwaruza au inakataa kabisa. Milango ikifunga vizuri, ujue kilichokufa ni pua tu: fenda, taa, rejeta, boneti, mkono mmoja wa mbele. Bei yake, vipuri vya mkononi na kazi pamoja na rangi: milioni 4.6. Ile milioni 15 ya garaji yao ilikuwa ya vipuri vipya, vya gari ambalo kiwanda kimeshalisahau.

Piga hesabu na mimi sasa, maana hapa ndipo ninapoumwa hadi leo. Ripoti ya mkaguzi, ambayo sikuiomba kabla ya kusaini, ilikuwa imeyapa mabaki thamani ya milioni 1.1. Ningesema sentensi moja tu, "mabaki nabaki nayo," wangenikata hiyo 1.1 na kunipa milioni 5.38. Ningemlipa fundi 4.6. Ningebaki na gari la mzee linatembea, na shilingi 780,000 mfukoni za kuziba pengo la jino. Sentensi moja! Haihitaji wakili wala hasira. Hakuna aliyeniambia kwamba ninaweza kuisema, na mimi sikuuliza kwa sababu nilidhani gari likishahesabiwa limekufa, maiti ni ya aliyelipia jeneza.

Nilipopiga simu siku ya nne, yule kijana wa chai hakupokea. Ya tano, hakupokea. Ya sita akapokea mwingine, akasema mwenzake amehamishiwa tawi jingine na gari "limeshachukuliwa na mnunuzi." Kijana wangu, kama unasoma hapa: komisheni ya miaka mitatu ulikula, sambusa za mke wangu ulikula, na siku ya kunieleza neno moja la maana ukanikunjia karatasi. Ulikunja vizuri sana, hata mimi wa forodha sijawahi kuona mkunjo kama ule. Na shemeji yangu naye, aliyesema "chuma hicho, nunua Premio," bado anasubiri nimsamehe. Asubiri.

Kwa hiyo dada, Ijumaa nenda, ila mikono mitupu. Usisaini. Waambie unataka nakala ya ripoti ya mkaguzi, yote, pamoja na picha, na usome mahali palipoandikwa thamani ya mabaki. Peleka fundi wako wa Datsun yadini kabla ya Ijumaa, si baada. Afungue milango. Logibuku na funguo visiondoke nyumbani kwako, hata wakikwambia ni utaratibu, hata akija mtu mwenye tai. Ukiamua kuchukua hela, iandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo kwamba mabaki ni yako na yamekatwa kwa kiasi fulani. Kwa mdomo haitoshi. Mdomo ndio uliniambia milioni 24.

Na hiyo milioni 7 usiimeze hivyo hivyo. Waulize: nikiichukua, nitanunua wapi Violet nyingine? Tangu 2018 sheria yetu imefunga mlango kwa magari ya miaka 15 na zaidi kuingizwa nchini. Huwezi kuagiza nyingine Japani wala Uingereza. Zilizopo ni hizi hizi zilizokwisha kuwa humu ndani, na wenye nazo wanajua. Kwa hiyo "bei ya sokoni" waionyeshe sokoni, gari gani, nani anauza, si kwenye jedwali la kushusha thamani ya Corolla. Tafuta mthamini wako mwenyewe, mlipe, akuandikie ripoti yenye picha na risiti ulizonazo za matengenezo. Risiti zote, hata ile ya kioo cha pembeni. Wakikataa kusikia, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ina dawati la malalamiko, na unaweza kupeleka karatasi zako huko. Mimi nililijua hilo nikiwa nimechelewa: ningepeleka nini, na sahihi yangu iko pale imetulia kama imepigwa pasi?

Stika ya lori: sahau. Ile bima ya lazima, sheria yake ni ya 1989, ni ya kifo na majeraha ya watu. Bati lako haliihusu. Gari lako ni mwenye lori mwenyewe alilipe, au bima yake kama ana kubwa zaidi ya ile stika, na huko ni mahakamani au kwa makubaliano. Angalia tu kwamba hiyo karatasi ya Ijumaa, ukiisaini, inaweza pia kuwapa kampuni yako haki ya kumdai yeye badala yako. Sababu nyingine ya kutosaini.

Miezi minane baadaye nilikuwa Kampala kwa shughuli zangu, nikapita kwenye vibanda vya spea kutafuta wipa ya Premio. Ndiyo, nilinunua Premio, shemeji asome hapa akae kimya. Nikaona mlango wa nyuma wa kushoto umeegemezwa ukutani, rangi ya maziwa, na chini ya kioo kuna mkwaruzo wa herufi K ambayo nilimchorea mzee kwa msumari nikiwa darasa la pili na kula viboko sita. Nikamuuliza bei yule kijana wa kibanda. Akasema laki tatu, 504 hizi hazipatikani, mzee, mali hii.

Kofia moja ya gurudumu ilibaki nyumbani, ilikuwa imeng'oka kabla ya ajali. Mama anawanyweshea kuku ndani yake.

Gari lako liko yadi gani? Andika hapa leo. Kama ni kati ya Lugazi na Jinja, fundi wangu yuko Jinja hadi Alhamisi, nampigia apite akafungue hiyo milango.