Jibu: Mikono ya puto ya gauni la 1895 inalala

Salaam mwanajukwaa. Nimekuelewa: mikono ya gauni lako la mtindo wa 1895 ina marinda ya kutosha, ila krepu (kitambaa chake laini kinacholegea) inaning'inia kama mfuko mtupu badala ya kusimama begani.

Usiongeze kitambaa, ingawa umeshauriwa hivyo. Utaongeza uzito tu. Kwanza ugeuze mkono nje ndani. Kama hakuna bitana ya kubana, shida ndiyo hiyo. Mafundi wa enzi ya Victoria walishona bitana ya pamba inayofuata mkono hadi kifundoni, kisha kitambaa cha nje kikashikizwa juu yake. Bila bitana hiyo puto lote linateleza kuelekea kiwikoni.

Kati ya bitana na kitambaa cha nje weka oganza ngumu, kitambaa chepesi kinachosimama. Ikate kwa umbo lilelile la kitambaa cha nje, iishie juu kidogo ya kiwiko, uipige bandi (mshono wa muda wa mkono) pamoja nacho kabla ya kukunja marinda. Marinda yote yakae juu ya bega. Chini ya kwapa acha bapa, la sivyo mkono utakwaruza na kuvuta kifua.

Halafu pima bega. Mshono ukivuka mfupa wa bega, hata oganza haitakuokoa. Urudishe ndani.

Mkono bado unalala? Chukua neti ngumu ya sentimita 40 kwa 10, ikunje kwa urefu, ivute marinda, ishonee ndani kileleni mwa mkono. Pasi usiikandamize juu ya marinda, tumia mvuke tu. Tafeta, kitambaa kikavu cha kung'aa, isingekusumbua kama krepu, maana husimama yenyewe lakini huonyesha kila tundu la sindano ukifumua.