Unapobonyeza mkono wakati dawa inatafutwa

Karibuni zamu. Hapa Dodoma mtapokea majeruhi wa bodaboda kabla hamjajua choo kiko wapi. Mmoja wa kwanza kwangu alikuwa mzee, mkulima wa zabibu kutoka Hombolo, kifundo cha mguu kimevimba. Anapumua vizuri, anaongea, hatoki damu. Dawa imeshaandikwa, ila ufunguo wa kabati uko na dada aliyeingia chumba cha upasuaji. Ndipo nikamshika mkono, nibonyeze nukta ya kutuliza maumivu: akupresha, tiba ya asili ya Kichina ya kubonyeza nukta za mwili kwa vidole.

Mwambie mgonjwa abane gumba kwenye ubavu wa kidole cha shahada. Nyuma ya mkono kitachomoza kinundu cha nyama. Kilele chake ndiyo nukta yenyewe. Mkono ukishalegea, bonyeza hapo kwa tumbo la gumba lako, ukielekeza nguvu kwenye mfupa wa kidole cha shahada. Mimi siku ile nilitumia ukucha, mzee akaanza kulalamikia mkono badala ya mguu! Kinachotakiwa ni uchungu mzito, kama wa msuli uliochoka. Dakika tatu, na uziangalie kwenye saa, kwa sababu ukiwa zamu dakika moja huonekana tatu.

Msidhani ni uganga. Mwaka 2002 watafiti wa Vienna, Austria, walichapisha jaribio la majeruhi 60 wenye majeraha madogo. Wengine walibonyezwa nukta halisi, wengine nukta za uongo, wengine hawakuguswa. Waliopata nafuu ni wale wa nukta halisi, na hata wasiwasi na mapigo ya moyo vilishuka. Lakini shikeni hilo neno "madogo". Mwenye maumivu ya kifua, ya tumbo, au kichwa kilichoanza kuuma ghafla, mwite daktari. Hapo si pa kushika mikono. Wala usibonyeze palipovunjika, penye kidonda au mkono wenye dripu.

Mjamzito je? Nukta hii hawabonyezwi, hata wataalamu wa akupresha huikwepa kwa hofu ya kuchochea uchungu wa kuzaa. Mimi siku moja nilisahau kumuuliza mama mmoja. Nesi mmoja mkubwa aliniondoa mkono kimyakimya, kisha akamuuliza mama mwenyewe: miezi minne. Tangu siku hiyo nauliza kwanza, hata tumbo likiwa bapa.

Kupima maumivu kulinisumbua zaidi. Nilimwambia mzee ataje namba kuanzia 0 hadi 10, akanitazama tu. Nikamwonyesha kiganja: vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika, ngumi ni hakuna. Akainua vinne. Baada ya dakika tatu, vitatu.

Mwenzangu akasema basi dawa isubiri, mzee ameshapata nafuu. Hapana. Vidole vitatu ni maumivu bado. Nikaandika kwenye faili nukta, muda, kabla na baada, ufunguo ukaja, nikamchoma sindano. Nilipomrudia baadaye alikuwa amelala, kiganja wazi juu ya shuka.