Maswali ya Wasomaji: Redio Yasema Biashara Imepanda, Sokoni Vyuma Vimekaza

SWALI: Salaam wahariri. Nafanya biashara ya dagaa hapa Kibirizi. Mwaka 2020, wakati wa korona, nilisikia redioni kwamba imani ya wafanyabiashara ukanda huu imeanza kupanda. Nikaongeza mzigo, ukanidodea. Maneno ya magonjwa ya mlipuko yakianza tena ng'ambo ya ziwa, nisikilize nini? Na hizo namba wanazipataje?
Mama Dagaa, Kigoma Ujiji

JIBU: Mama, redio haikudanganya. Ilitaja namba ya kweli, ila namba hiyo haijibu swali lako.

Kipimo kinachotajwa sana ni fahirisi, yaani namba ya kupimia hali ya biashara, ya mameneja ununuzi. Kila mwezi kampuni kadhaa, kwa Kenya ni kama 400, huulizwa: ukilinganisha na mwezi uliopita, oda zimeongezeka, ziko vilevile au zimepungua? Huchukuliwa asilimia ya waliosema zimeongezeka, ikajumlishwa na nusu ya waliosema vilevile. Ikivuka 50, walioona nafuu ni wengi kuliko walioumia. Kenya ilishuka hadi 34.8 Aprili 2020, na Julai ikaruka hadi 54.2. Nchi zinazotumia yuro ziligonga 13.6 Aprili hiyohiyo.

Mtego ni kwamba fahirisi inahesabu vichwa, haihesabu shilingi. Chukua wachuuzi 20, kila mmoja akiuza magunia 10 kwa mwezi. Ugonjwa unaingia, wote wanaanguka hadi magunia 4: fahirisi ni 0. Mwezi wa pili bado ni 4, wote wanajibu "vilevile": fahirisi inasoma 50. Mwezi wa tatu kila mmoja anauza 5: fahirisi ni 100! Mtangazaji anashangilia, na wewe bado uko nusu ya mauzo yako ya zamani. Kenya yenyewe, pamoja na ile 54.2 ya Julai, ilimaliza mwaka 2020 pato la taifa likiwa limesinyaa kwa asilimia 0.3.

Kuna kasoro nyingine ambayo watangazaji huiruka. Fahirisi haiulizi oda peke yake: ndani yake oda mpya zina uzito wa asilimia 30, uzalishaji 25, ajira 20, muda wa kuletewa mali 15 na akiba ya manunuzi 10. Mali ikichelewa kufika, kanuni inaipa alama nzuri, kwa sababu siku za kawaida msambazaji huchelewa akiwa amezidiwa na oda. Mwaka 2020 mali ilichelewa kwa sababu malori yalikwama mipakani, madereva wakisubiri majibu ya vipimo. Ucheleweshaji huo wa shida ukahesabiwa kama wa neema.

Kwa hiyo jitengenezee kipimo chako. Tafuta watu 20 ambao hutawabadilisha: wauza dagaa, wauza mawese, mwenye boti, wapagazi, mama lishe, wakala wa fedha za simu. Usichukue wenzako wa kikoba kimoja tu, maana mnaumia na kupona pamoja. Waulize mmoja mmoja. Ukiwakusanya, wote watafuata aliyeongea kwanza. Maswali yawe matatu: mauzo yakoje kuliko kipindi kilichopita, wanaoomba mali kauli (kuchukua sasa, kulipa baadaye) wameongezeka au wamepungua, na mzigo unakaa siku ngapi kabla ya kuisha. Tuseme kwenye mauzo 5 wamesema yamepanda, 7 vilevile, 8 yameshuka. Hiyo ni asilimia 25, 35 na 40. Fahirisi yako ni 25 ukijumlisha 17.5, yaani 42.5. Kando yake andika magunia uliyouza mwenyewe, na magunia uliyouza kipindi kama hicho mwaka jana. Bila safu hiyo ya mwisho utarudi kwenye mtego uleule.

Kwa dagaa, usilinganishe mwezi wa kalenda na mwenzake. Uvuvi wa taa unataka giza. Mbalamwezi ikikolea boti zinalala. Mzunguko wa mwezi wa angani ni siku 29 na nusu, kalenda ina 30 au 31, kwa hiyo siku za kulala boti zinahamahama. Linganisha giza na giza. Kumbuka pia kwamba mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Atakayeweka Juni ya mwaka huo kando ya Juni 2023 atadhani uchumi wa Kigoma umekufa.

Swali la "unauonaje mwaka ujao?" liache. Utajibiwa "Mungu ni mkubwa," na hata tafiti za wakubwa hupata matumaini ya miezi 12 mbele yaliyo mazuri kuliko hali ya leo. Sisi tungekaza macho kwenye mali kauli. Mauzo yanaweza kuonekana yamesimama wiki kadhaa kumbe yanabebwa na madeni. Theluthi moja ya mauzo yako ikiwa mali kauli, usiongeze mzigo hata fahirisi ikisoma 90.

SWALI: Tuliambiwa uchumi wa Tanzania mwaka 2020 ulikua kwa asilimia 4.8. Mbona mimi duka langu lilifungwa?
Msomaji, Urambo

JIBU: Hiyo 4.8, kutoka 7.0 ya mwaka 2019, ni wastani wa nchi nzima. Ndani yake kuna dhahabu, ambayo Agosti 2020 ilivuka dola 2,000 kwa wakia, na kuna hoteli zilizokosa wageni wa nje. Duka la Urambo linaishi kwa fedha ya tumbaku, inayoingia kwa msimu na kwa bei ya dola. Tarehe ambayo AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, inalipa wakulima itakueleza hali ya duka lako mapema kuliko takwimu ya mwaka, ambayo hutoka maumivu yakiwa yameshapita.

SWALI: Nina duka la vifaa vya ujenzi karibu na stesheni, Tabora. Wakati wa korona tulisikia Benki Kuu imeshusha riba, ila marejesho yangu hayakupungua hata senti. Hali ikirudi nifanyeje?
A.M., Tabora mjini

JIBU: Mei 2020 Benki Kuu ilishusha kutoka asilimia 7 hadi 5 riba ambayo benki hulipa zikikopa kwake. Kuanzia Juni, amana ambazo benki zinalazimika kuziweka Benki Kuu nazo zikashuka kutoka asilimia 7 hadi 6. Hatua hizo zinazipa benki pumzi. Mkataba wako una riba yake, na ndani ya riba hiyo kuna gharama za benki na hofu kwamba hutalipa, hofu ambayo kwenye mdororo huongezeka.

Kilichokuhusu moja kwa moja ni kwamba Benki Kuu ilizilegezea benki masharti ya kupanga upya mikopo. Nafuu hiyo haikufuati dukani, unaiomba, tena kabla hujachelewesha rejesho hata moja. Nenda na daftari la mauzo la miezi 12, taarifa ya akaunti na ya simu, orodha ya wanaokudai na unaowadai, na kiasi unachoweza kulipa kikiwa kimeandikwa. Ukienda na "nisaidieni" tu, watakupangia wao.

Piga hesabu kwanza. Deni lililobaki likiwa 6,000,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayopungua na deni, kwa miezi 12 rejesho ni karibu 550,000. Ukivuta hadi miezi 24 linashuka hadi karibu 299,500, ila riba ya ziada ni kama 588,000. Ukiomba kusimama miezi 3 bila kulipa chochote, riba inaendelea kula: deni linarudi likiwa karibu 6,274,000. Ndiyo maana tunapendelea ulipe walau riba, 90,000 kwa mwezi, katika miezi hiyo. Uliza pia kama riba yako ni ya kupungua au inapigwa kwenye mkopo wote tangu mwanzo, maana hapo hesabu hizi zinageuka. Na usizibe rejesho la benki kwa mkopo wa kausha damu.

SWALI: Nauza maharage kwa wateja wa Burundi kupitia Manyovu. Ugonjwa ukitangazwa, nijaze stoo nikisubiri bei ipande?
Mfanyabiashara, Kasulu

JIBU: Bei inaweza kupanda Burundi na kushuka Kasulu siku hiyohiyo. Mwaka 2020 mipaka ilifungwa kwa abiria huku mizigo ikiruhusiwa. Kwa mwenye lori hiyo ni nafuu. Kwa mchuuzi anayevuka na magunia yake mawili, yeye mwenyewe ndiye abiria. Kama wateja wako ni hao, siku mpaka unafungwa wanatoweka, na maharage yote yanabaki upande wako.

Tuseme gunia la kilo 100 ni shilingi 200,000 na fedha ni ya kikoba kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Miezi 3 ni 18,000 ya riba, 3,000 ya stoo na 5,000 ya mfuko wa kinga njaa, ule wa tabaka tatu usiopitisha hewa. Bei lazima ipande kwa asilimia 13 ndipo urudishe ulichotoa, faida bado. Tungeweka robo tu ya mzigo na kuuza uliobaki.

Huo unaoweka ukaushe vizuri. Tia konzi ya maharage kwenye chupa kavu yenye chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, maharage bado yana maji. Kwenye mifuko ya tabaka tatu, funga kila tabaka peke yake na usifungue kila wiki kuchungulia: hewa ikiingia, wadudu wanaotoboa wanafufuka. Panga juu ya mbao, mbali na ukuta, na angalia panya, kwani tundu moja kwenye plastiki ya ndani linamaliza kazi yote.